Jina la binti: anza na maana, lugha utaitafuta baadaye

Nina kibanda cha steshenari hapa Majengo, Dodoma, hatua chache kutoka sokoni. Natoa fotokopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na zaidi ya yote nawajazia watu fomu. Kwa hiyo majina ya watoto wa mji huu hupita mikononi mwangu kabla hayajamfikia msajili, na mengine hurudi miaka mingi baadaye yakiwa na kesi. Wazazi wa mtoto wa kiume hawanichoshi: jina la babu lipo, linaandikwa, wanaondoka. Wa mtoto wa kike ndio wanaokaa kwenye benchi langu mpaka jua linageuka. Mama anataka la kisasa, baba anataka la dada yake, bibi kapiga simu kutoka kijijini, na shangazi ameshaanza kumwita mtoto kwa jina ambalo hakuna aliyelikubali.

Tangu 2016, Serikali ilipotangaza kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, kazi imeongezeka utamu. Zamani niliandika majina ya Wagogo, Warangi, Wanyaturu na Wakaguru basi. Siku hizi benchi moja linaweza kuwa na Mhaya, Mnyakyusa, Msukuma na Mmasai wa Kiteto, na nusu yao wameoana wao kwa wao. Mimi mwenyewe ni Mgogo wa Mvumi, nimeolewa na Mrangi, kwa hiyo mvutano huo naujua kutoka ndani. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza uliza kama lipo jina linalosubiri

Kabla hujashika simu kutafuta majina, uliza nyumbani kama huyo mtoto hana jina tayari. Wakikuyu wa Kenya walishalimaliza hili kwa utaratibu: binti wa kwanza anachukua jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama, hakuna kikao. Waswahili nao wana usomo. Aliyepewa jina lako ni somo wako, na somo ana haki zake na wajibu wake, hata akichelewa kuletewa mtoto amwone atanuna. Ukijua mapema nani anautegemea usomo huo, unaweza kumpa au kumnyima kwa heshima, kuliko asikie habari sokoni.

Tatizo linakuja pale bibi mwenyewe anapoitwa Tabu, au Shida, au Mashaka. Vijana wanaona aibu. Huwa nawaeleza kwamba majina hayo ni tarehe. Wazee wa Ugogo waliihesabu miaka kwa njaa zake, na njaa inayotajwa mpaka leo ni Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imepita hapa; majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nazo zikakata. Mtoto aliyezaliwa katika kipindi cha namna hiyo akaitwa kwa jina la taabu hakutukanwa, aliwekewa kumbukumbu ambayo hakuna karani angemwandikia. Washona wa Zimbabwe wana Tambudzai na Netsai, yote mawili ya taabu na masumbufu, na hakuna anayewacheka wenye majina hayo.

Kundi la pili la majina ya bibi ndilo la kuwa nalo makini: Semeni, Siwatu, Sikudhani. Haya ni majina ya kusemea, kama maandishi ya kanga. Mama alikuwa na jambo na majirani au mawifi, akalivisha kwa mtoto ili kila akiitwa ujumbe ufike. Semeni maana yake semeni mtakavyo. Jina tamu, nalipenda, lakini ugomvi ule umeshazikwa na wenyewe. Ukimrithisha mjukuu, mrithishe kwa sababu ya bibi aliyelibeba, na umweleze hivyo akikua. Ila usitunge jipya la aina hiyo leo kwa sababu wifi yako kakuudhi wiki hii. Wifi mtapatana, na cheti kitabaki.

Chagua maana kabla ya jina

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanakuja na orodha ya majina kumi ya kupendeza masikio, wanabishana mpaka jioni. Geuzeni mambo. Kubalianeni kwanza mtoto huyu abebe maana gani, halafu mtafute maana hiyo inavaa sura gani katika lugha za pande zenu.

Walikuja kijana mmoja Mhaya, mfanyakazi wa wizara huko Mtumba, na mkewe Mrangi wa Kolo, Kondoa. Mama yake kijana alikuwa anataka jina la Kihaya, na wa kwao binti alikuwa anasema mtoto kazaliwa Alhamisi, ni Mwanahamisi, maneno yameisha. Wenyewe hawasemezani vizuri. Nikamuuliza mke, "Mwanangu, huyu mtoto ungependa awe nani kwenu?"

Akajibu bila kufikiri, "Amani, mama. Mimba nzima tumegombana."

Mumewe akacheka, na kicheko hicho kikafungua kazi. Amani, kwa Kihaya, ipo ndani ya Kemilembe. Kwa Kiarabu ipo katika Salma na Salama. Kwa Kiebrania ni shalom, na humo ndimo linamotoka Salome. Kwa Kigiriki ni Irene. Wamasai wanaye Naserian. Nikawaandikia yote kwenye karatasi ya fotokopi iliyoharibika. Waliondoka na Salma kwa ajili ya cheti, na bibi wa Bukoba akaambiwa mjukuu wake ni Kemilembe. Anamwita hivyo mpaka leo, na hajadanganywa.

Mume alilikataa Salome, akasema ni jina la yule binti aliyecheza mpaka Yohana Mbatizaji akakatwa kichwa. Watu wengi wanalikimbia kwa sababu hiyo. Lakini Injili haimtaji jina binti wa Herodia aliyecheza. Jina Salome tunalipata kwa Josephus, mwanahistoria Myahudi. Salome anayetajwa katika Injili ya Marko ni mwanamke aliyekwenda kaburini na manukato alfajiri ile. Kama unalipenda, mpe mwanao bila wasiwasi.

Maana nyingine zinafanya kazi hivyohivyo. Ukitaka zawadi, Kiswahili kinakupa Zawadi yenyewe na Kiarabu kinakupa Hiba. Wagiriki wana Dorothea, zawadi ya Mungu, ambalo ukiligeuza mbele nyuma unapata Theodora, maana ileile. Wanyakyusa wanasema Atupele, yaani Mungu ametupa, na Washona wanasema Chipo. Ukitaka mvua, na hapa Dodoma nani asiyeitaka, Wasukuma wana Kabula kwa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na kaka yake angekuwa Mabula. Waluo wana Akoth. Wazulu wana Nomvula, ambalo hata Mgogo wa Bahi asiyewahi kutoka Bahi analielewa akilisikia mara moja, kwa sababu neno mvua huko kwao na huku kwetu ni ndugu. Kwa nuru kuna Nuru, Lucia la Kilatini, na Foibe, mwangavu, yule mhudumu wa kanisa anayetajwa katika Warumi. Nyota ni Najma kwa Kiarabu, Stella kwa Kilatini. Kwa Esta wapo wataalamu wanaoelekea kwenye neno la Kiajemi la nyota. Jina lake la Kiyahudi lilikuwa Hadasa, mhadasi, mti mdogo wenye harufu nzuri. Na Lulu ni Margareti. Ukiwa na shangazi Margareti wa Kanisa Katoliki na binti anayetaka jina fupi la mjini, Lulu inawaridhisha wote wawili, kwa sababu Margareti kwa Kigiriki ni lulu.

Imani, Tumaini na Upendo tunayaona ni majina yetu ya walokole, lakini Warusi nao wana Vera, Nadezhda na Lyubov, maana ni hizohizo tatu, na kanisa lao huwakumbuka kama mashahidi watatu pamoja na mama yao Sophia, yaani Hekima. Ukipata binti wa nne una pa kwenda.

Binti yangu mkubwa anaitwa Sechelela. Kwa Chigogo ni furahi, shangilia. Mama mkwe wangu, Mrangi na Mwislamu wa swala tano, aliuliza maana kwanza kabla ya kukubali. Alipoambiwa, akasema, "Basi ni Farha wangu huyo." Tukanywa chai.

Kama hamna maana moyoni, tumieni saa na siku

Wapo wasio na wazo lolote, na hilo si kosa. Njia ya zamani ni kuangalia mtoto kaja lini. Mwajuma kazaliwa Ijumaa, Mwanahamisi Alhamisi, Mwanaidi siku ya Idi, Chausiku usiku. Pili na Tatu yanahesabu uzao.

Waakani wa Ghana wamefika mbali zaidi, kila siku ya wiki ina jina lake la kike. Jumatatu ni Adwoa, Jumanne Abena, Jumatano Akua, Alhamisi Yaa, Ijumaa Afua, Jumamosi Ama, Jumapili Akosua au Esi. Yaa Asantewaa, mama mkuu wa Ejisu aliyeongoza vita ya Waashanti dhidi ya Waingereza mwaka 1900, ni Mwanahamisi kama Mwanahamisi wa Kondoa. Waluo wanagawanya siku yenyewe: Akinyi ni wa asubuhi, Achieng' wa jua la mchana, Atieno wa usiku. Na Natalia, ambalo watu wanadhani ni jina la urembo tu, kwa Kilatini linahusu siku ya kuzaliwa, hasa kuzaliwa kwa Bwana. Mtoto wa Desemba asiyetaka kuitwa Noela anaweza kwenda huko.

Kwa mapacha sina haja ya kueleza Kulwa na Doto, kila Mtanzania anawajua, wala Shija anayewafuata kwa Wasukuma. Wayoruba wa Nigeria wanao pia: Taiwo anatangulia kutoka, Kehinde anafuata, na anayezaliwa baada yao ni Idowu. Tofauti yao na sisi ni kwamba kwao Kehinde, aliyetoka wa pili, ndiye mkubwa. Wanasema alimtuma mdogo wake atangulie akaionje dunia kwanza. Nilipomsimulia hili Doto mmoja anayeuza vitunguu Sabasaba, aliondoka akisema atamwambia Kulwa leo hii hii.

Namna ya kulikagua jina la ugenini

Umepata jina kwenye simu na umelipenda. Usiamini maana uliyosomea hapohapo. Kurasa nyingi za majina zimeandikwa kumfurahisha mzazi, kila jina ni malkia, kila jina ni almasi. Kabla hujaandika, fanya mambo haya.

Tafuta limetoka lugha gani, halafu uliza maana kwa mtu wa lugha hiyo au katika kamusi ya lugha hiyo. Kwa majina ya Kiafrika mwanzo wa jina mara nyingi unakuonyesha njia: Koku- ni Bukoba, kama Kokushubira, na humo mna tumaini, Na- mara nyingi ni Wamasai, kama Namelok, mtamu, na Nashipai, mwenye furaha, Mwana- na Mwa- ni pwani na wote waliochota pwani, A- ikifuatwa na jina la Kiluo ni binti, O- ni kaka yake. Kwa ya Kiebrania, watu wanakukariri kwamba El ni Mungu. Ni kweli kwa Elizabeti, lenye maana ya kiapo kwa Mungu. Lakini Raheli haina Mungu ndani yake, ni kondoo jike. Sara ni mwanamke wa cheo, binti wa mfalme. Debora ni nyuki, Rhoda ni waridi kwa Kigiriki, na Tabitha na Dorkasi ni mtu mmoja na mnyama mmoja, paa, la kwanza Kiaramu, la pili Kigiriki. Mariamu msikimbilie kulipa maana. Wasomi wenyewe wanavutana tangu zamani. Faida yake iko kwingine: halina mgeni, liko katika Injili na lina sura yake katika Kurani, ya 19. Kwa ndoa ya dini mbili sijaona jina lililovunja kikao haraka kuliko hilo.

Kwa ya Kiarabu, kuwa mwangalifu na sauti zinazofanana. Asia wetu wengi ni Asiya, mke wa Firauni aliyeamini. Lipo neno jingine la Kiarabu, lenye ain na sadi, maana yake mwasi, na Hadithi inasimulia kwamba Mtume alimbadilishia mwanamke mmoja jina hilo akamwita Jamila, mzuri. Kwa herufi zetu yote mawili yanaweza kuandikwa sawa. Ustadhi wa madrasa yoyote atakuonyesha tofauti kwa dakika moja. Na hata jina lisilo na utata linaweza kuwa na maana mbili ukivuka bahari. Asha wa Kondoa ni Aisha, mwenye uhai. Asha wa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa mjini ni tumaini. Wote wawili wako sahihi.

Sasa kuna watu wanaoambiwa maana ya kweli wakalia. Khadija si malkia, ni aliyezaliwa kabla ya siku zake. Fatuma linahusu kumwachisha mtoto ziwa. Cecilia limetoka kwenye ukoo wa Kirumi wenye jina la upofu, Claudia kwenye ukoo wenye jina la kuchechemea. Dada mmoja mwimba kwaya alitaka kufuta Cecilia kwa binti yake baada ya kusikia hivyo. Nikamwuliza somo wa wanamuziki na wanakwaya katika Kanisa Katoliki ni nani. Akanyamaza, akaandika Cecilia.

Kwangu mimi aliyelibeba jina anashinda kamusi. Nani anayemwita binti yake Khadija akiwaza njiti? Anamwaza bibi yule wa Makka, mfanyabiashara, mke wa kwanza wa Mtume. Anna kwa asili yake ya Kiebrania ni neema, lakini wazazi niliowaandikia Anna kuanzia 2010 walikuwa na Anna Makinda akilini, mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika hapa kwetu. Na kuanzia 2021 Samia wameongezeka kwenye kaunta yangu. Kwa Kiarabu ni aliye juu, aliyeinuka. Hakuna mzazi aliyeniuliza maana yake.

Lakini kuna jina ambalo hata mbebaji bora hawezi kuliokoa, na hilo liachwe. Mwimbaji mkuu wa taarabu wa Unguja, aliyezaliwa 1880 na kufariki 1950, wazazi wake walimwita Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Aliposimama kuimba mbele ya watu jina hilo lilibaki nyuma, akawa Siti, bibi wa heshima. Dunia inamjua kwa hilo la pili. Ukisikia mzee anapendekeza jina la kumdogosha mtoto ili asipatwe na husuda, msikilize kwa adabu, mshukuru, na usiliandike.

Lijaribu kabla ya wino

Simama mlangoni uliite kwa sauti, kama mtoto yuko mbali anacheza. Jina refu litakatwa na watoto wenzake wiki ya kwanza, kwa hiyo chagua mapema unataka likatwe wapi. Kisha mwite bibi mzaa baba alitamke. Bibi yangu wa Mvumi hakuwa na R kinywani; Rhoda alikuwa Loda, Rebeka alikuwa Lebeka, na hakuwa tayari kubadilika kwa ajili ya mtu yeyote. Kama jina linageuka neno baya mdomoni mwa bibi, litageuka kwa kijiji kizima.

Halafu liandike pamoja na jina la baba na la ukoo, kwa sababu hivyo ndivyo litakavyoitwa shuleni. Nimewahi kuandika Tabu Mashaka, na mimi na baba mtu tuliangaliana. Alilibadilisha likawa Subira. Angalia pia kwamba msikilizaji atajua ni binti: Amani, Baraka na Furaha yanakwenda pande zote, na kwenye fomu isiyo na picha atakuwa anaulizwa maisha yake yote. Kwa Iceland swali hilo lingejibiwa na jina la baba, kwa kuwa binti huongezewa dóttir kwenye jina la baba, sawasawa na binti yetu ya Siti binti Saad. Huko wana hata kamati ya majina, tangu 1991, inayokubali au kukataa jina jipya. Sisi hatuna. Msajili wetu anaandika utakachompa, pamoja na makosa yake.

Na makosa ya herufi ndiyo yanayonilisha, nisiwafiche. Khadija kwenye kadi ya kliniki, Hadija kwenye cheti cha kuzaliwa, Hadijah kwenye cheti cha shule. Fatma na Fatuma. Elizabeth, Elizabeti, Elizabert. Binti anafaulu, anataka kuomba mkopo wa chuo au kitambulisho cha taifa, mifumo inasema hawa ni watu watatu. Hapo ni wakili, kiapo, nauli, na machozi. Kwa hiyo chagueni tahajia moja, muiandike kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, na kila mnapokwenda karatasi hiyo iende. Msiseme jina kwa mdomo dirishani; kelele ni nyingi na karani ana masikio ya kwao. Wajapani wanakaa wiki nzima wakichagua herufi, kwa sababu Yuki ya herufi moja ni theluji na Yuki ya herufi nyingine ni furaha. Sisi tunashindwa kukaa dakika tano juu ya H moja.

Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Ukijifungulia hospitali au zahanati, unapewa tangazo la kizazi, litunze. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano cheti cha kwanza hutolewa bure, kwenye kituo cha afya chenye huduma ya mama na mtoto au ofisi ya mtendaji wa kata. Nenda na kadi ya kliniki na majina kamili ya wazazi yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Fomu ikishajazwa, kabla hujaweka sahihi, mwombe aliyeijaza akusomee jina herufi kwa herufi, wewe ukiwa umeshika karatasi yako. Cheti kikitoka kisome palepale dirishani, usikisomee nyumbani. Kisha toa vivuli kadhaa, piga picha kwa simu, na kile halisi usikitie lamineshoni. Ofisi nyingine zinakataa kugonga muhuri juu ya plastiki, na mimi nitakuwa nimeshakula hela yako.